Mtoto Anyonye Mara Ngapi, na Kiasi Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu mtoto mzima aliyezaliwa miezi yake ikiwa imetimia, tangu siku ya kwanza hadi anapotimiza mwaka. Njiti (aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia), mtoto aliyezaliwa na uzito wa chini ya kilo 2.5, au mwenye tatizo la moyo au la mdomo uliopasuka, hupangiwa kiasi chake na wanaomtibu. Mpango huo ndio wa kufuata hata pale usipofanana na yaliyoandikwa hapa.

Mtoto mchanga anyonye mara ngapi kwa siku?

Mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku umo. Ukigawanya, inakuja kama kila baada ya saa mbili au tatu. Muda huo huhesabiwa tangu mtoto alipoanza kunyonya, si alipomaliza. Aliyeshika ziwa saa mbili kamili asubuhi akaliachia saa mbili na dakika arobaini anaweza kulitaka tena saa nne, na mama ataona kama ndiyo kwanza amemlaza. Hajadeka, wala maziwa hayajaisha. Hesabu ndiyo ilivyo.

Tena mara hizo hazijipangi sawasawa. Mtoto anaweza kunyonya mara nne karibu karibu jioni, kisha akalala saa tatu au nne mfululizo. Mradi jumla ya siku nzima iko pale inapotakiwa, mpangilio mwachie mwenyewe.

Usingoje alie. Kilio ni dalili ya mwisho ya njaa. Kabla yake kuna kuhangaika usingizini, kugeuza kichwa huku na huku mdomo wazi, kutoa ulimi, kupeleka ngumi mdomoni. Mtoto aliyekwisha kulia kwa hasira hushindwa hata kushika ziwa vizuri, na itabidi umbembeleze kwanza ndipo anyonye.

Mbona wengine huambiwa wamlishe kila baada ya saa nne?

Ushauri huo ni wa zamani na una mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Truby King wa New Zealand, aliyeanzisha chama cha Plunket cha afya ya mama na mtoto mwaka 1907, alifundisha kwamba mtoto alishwe kwa saa, kila baada ya saa nne, na usiku asipewe kitu. Alitaka kuokoa maisha ya watoto, na katika usafi na mengine alisaidia sana. Lakini sheria ya saa nne ilivuka bahari, ikafundishwa hospitalini na majumbani kwa miaka mingi, na hadi leo iko vinywani mwa watu wasiojua ilikotoka.

Tatizo lake ni kwamba ziwa halifanyi kazi hivyo. Ziwa lililojaa hupunguza mwendo wa kutengeneza maziwa. Lililonyonywa likalegea huongeza. Mama anayesubiri saa ifike ndipo anyonyeshe anauambia mwili wake kwamba maziwa mengi hayahitajiki, na baada ya wiki chache kweli yanapungua. Kisha hulaumiwa kwamba hana maziwa. Usiku nao una kazi yake: homoni ya prolaktini, inayoamuru maziwa yatengenezwe, huwa juu zaidi saa hizo, hasa wiki za mwanzo.

Mtoto anayekunywa maziwa ya kopo anaweza kukaa saa tatu hadi nne, kwa sababu maziwa hayo hukawia tumboni kuliko ya mama. Hata yeye afuatwe kwa dalili zake, saa iwe ya kukumbushia tu.

Siku ya kwanza naona matone tu. Mtoto anashiba kweli?

Anashiba. Hayo matone mazito ya rangi ya manjano ni dang'a, na siku ya kwanza mtoto hupata kama mililita 2 hadi 10 kila anaponyonya, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, au hata pungufu ya hapo. Tumbo lake bado halijawa tayari kupokea mengi, na dang'a imejaa kinga kuliko maziwa yatakayofuata. Siku ya tatu hufika mililita 15 hadi 30 kwa mara moja, ya nne 30 hadi 60.

Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 5. Kwa aliyejifungua mara ya kwanza, aliyefanyiwa upasuaji au mwenye kisukari yanaweza kuchelewa kidogo. Kinachoyaharakisha ni mtoto kuwekwa kifuani ngozi kwa ngozi na kushika ziwa ndani ya saa ya kwanza, kisha kunyonya mara nyingi. Chupa inayoingizwa siku ya pili kwa hofu tu, bila sababu ya kiafya, humfanya mtoto alale ameshiba wakati ziwa linamngoja.

Kila ziwa dakika ngapi?

Hakuna dakika. Yupo anayemaliza kwa dakika 10 na yupo anayechukua 40, na mtoto yule yule akifikisha miezi mitatu hufanya haraka mara mbili ya alivyofanya akiwa na wiki moja. Badala ya saa, tazama taya.

Mtoto akishika ziwa huanza kwa kunyonya haraka haraka na kwa juu juu, akiyaita maziwa. Yakishuka, mwendo hubadilika. Taya hushuka chini zaidi, kidevu hukaa hapo kidogo, kisha husikika sauti ndogo kooni, kama pumzi inayotoka: amemeza. Hapo atakuwa anavuta mara moja hivi kwa sekunde, anameza, anavuta, anameza. Mikono nayo husema. Mwenye njaa huwa amekaza ngumi karibu na kidevu. Maziwa yakimwingia, vidole hufunguka kimoja kimoja, na mwishoni mkono huanguka pembeni umelegea kabisa. Akirudi kwenye kule kunyonya kwa juu juu bila kumeza, amemaliza au amesinzia. Likamue ziwa taratibu kwa mkono uone kama ataendelea kumeza. Asipoendelea, mbadilishie.

Mwache amalize ziwa la kwanza kabla ya kumpa la pili. Mafuta huongezeka kadiri ziwa linavyolegea, kwa hiyo anayehamishwa baada ya dakika tano tano hupata maji mengi na mafuta kidogo. La pili akilikataa, si neno. Mara ijayo anzia hapo.

Kama kunyonyesha kunauma hata baada ya sekunde za mwanzo, au chuchu inatoka imebanwa kama ncha ya penseli, mtoto hajashika vizuri. Mdomo unatakiwa uwe wazi sana, mdomo wa chini umebinukia nje, kidevu kimegusa ziwa, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Mtoe kwa kuingiza kidole pembeni ya mdomo, umshikishe upya. Usivumilie. Malalamiko mengi ya “mtoto hashibi” yanaishia hapa.

Nitajuaje kwamba anapata maziwa ya kutosha, maana ziwa halina alama za mililita?

Kwa kuangalia kinachotoka na kwa kumpima. Mengine yote ni kukisia.

Mkojo kwanza. Siku ya 1 nepi moja yenye mkojo inatosha, ya 2 mbili, ya 3 tatu. Kuanzia siku ya 5 au 6 zinatakiwa ziwe sita au zaidi kwa saa 24, zenye uzito mkononi, na mkojo uwe wa rangi hafifu. Nepi za dukani hufyonza sana kiasi kwamba mama hajui kama imelowa. Mwaga vijiko vitatu vya chakula vya maji kwenye nepi safi uishike. Uzito huo ndio unaoutafuta. Kijidoa cha rangi ya tofali siku mbili za mwanzo hakina shida. Kikiendelea kuonekana baada ya siku ya nne, mtoto anahitaji maziwa zaidi na anahitaji kuangaliwa.

Kinyesi cha kwanza ni cheusi na kinanata. Kikibadilika kuwa cha kijani kisha cha manjano kufikia siku ya 4 au 5, maziwa yanapita. Wiki za mwanzo tegemea mara tatu au nne kwa siku. Baada ya wiki sita hivi mambo hubadilika: mtoto anayenyonya ziwa tu anaweza kukaa siku kadhaa bila kupata choo, na kikija kiwe laini. Hiyo si kufunga choo.

Halafu mizani. Mtoto hupungua uzito siku za mwanzo, na upungufu wa hadi asilimia 7 hivi ni wa kawaida. Ukikaribia 10, mhudumu wa afya amtazame anavyonyonya siku hiyo hiyo. Uzito wa kuzaliwa hurudi kati ya siku ya 10 na 14. Kutoka hapo huongezeka kama gramu 20 hadi 30 kwa siku kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kasi hupungua. Wengi huwa wamezidisha uzito wa kuzaliwa mara mbili wakifika miezi mitano au sita, na mara tatu wakifika mwaka.

Kwenye kadi ya kliniki usitafute mstari wa juu. Mtoto aliyeko mstari wa chini akaufuata mwezi hadi mwezi anakua vizuri; wa kufuatiliwa ni yule anayekata mistari kushuka. Michoro inayotumika sasa ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, kutokana na watoto walionyonyeshwa katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kabla yake dunia ilitumia vipimo vilivyotokana na watoto wa Marekani, wengi wao wakiwa wamekunywa maziwa ya kopo. Kwa vipimo hivyo, mtoto anayenyonya alionekana “amedumaa” kuanzia miezi mitatu minne ilhali alikuwa mzima, na mama akaambiwa aongeze chupa.

Haya hayathibitishi kwamba maziwa ni kidogo: ziwa kulegea baada ya wiki kadhaa, mtoto kulia jioni, mtoto kukubali chupa baada ya kunyonya (watoto hupenda kunyonya hata wakiwa wameshiba), au kukamua ukapata kidogo. Mashine haikamui kama mtoto.

Anayekunywa maziwa ya kopo apewe kiasi gani?

Hesabu ya kuanzia ni mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa siku nzima. Mtoto wa kilo 3: 450, ukigawanya kwa mara nane ni kama 55 kila mara. Mtoto wa kilo 5: 750, kwa mara sita au saba ni kama 110 hadi 125. Siku ya kwanza kabisa huanzia kama mililita 60 kwa kilo, zikapandishwa taratibu hadi kufika 150 mwishoni mwa wiki ya kwanza.

Hesabu hiyo haipandi bila mwisho. Mtoto anayezidi lita moja kwa siku mfululizo azungumziwe kliniki. Mara nyingi kitundu cha chupa ni kikubwa, au chupa imegeuzwa dawa ya kila kilio.

Nina ugomvi na zile jedwali za nyuma ya kopo. Zinaandika kiasi cha kila umri kana kwamba watoto wote wa miezi miwili wana uzito mmoja, na mzazi akiona mtoto amebakiza mililita 30 anamrudishia mdomoni mpaka ziishe. Mtoto anayegeuza kichwa, anayekaza midomo au aliyeacha kuvuta amemaliza. Kilichobaki mwaga. Leo ataacha 30, kesho atamaliza na kutaka zaidi. Jumla ya wiki ndiyo inayosema.

Kuna ubaya gani kuzidisha au kupunguza unga?

Upo, na mkubwa. Unga ukizidi, figo za mtoto huelemewa na anaweza kukaukiwa maji. Unga ukipungua ili kopo lidumu, anajaa maji na kukosa lishe, na chumvi mwilini ikishuka sana anaweza kupata degedege. Tumia kijiko kilichomo kwenye kopo lile lile, kwa sababu vya kampuni tofauti havilingani. Chota bila kushindilia, kisha pitisha mgongo wa kisu safi juu yake ili kiwe sawasawa na ukingo. Maji yapimwe kwanza ndipo unga uingie; ukianza na unga halafu ukajazia maji hadi alama, maji yatapungua.

Unga wa maziwa hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, hata kopo likiwa jipya. Kwa hiyo maji yachemshwe na yatumike yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70. Ukichemsha lita moja, usiiache zaidi ya nusu saa. Changanya, kisha pooza chupa kwenye maji baridi na ujaribu matone kwenye kifundo cha mkono. Maziwa yaliyochanganywa yasikae nje zaidi ya saa mbili. Yakishaguswa na mdomo wa mtoto, yanayobaki baada ya saa moja yamwagwe.

Chupa au kikombe?

Mahali ambapo kuchemsha chupa na chuchu zake kila mara ni shida, kikombe kidogo kilicho wazi ni salama zaidi, maana husafishika hata kwa maji na sabuni. Hata mtoto wa siku chache hukiweza: mkalishe wima wima mapajani, kikombe kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike ukingoni, yeye mwenyewe ayarambe. Usimmiminie.

Ukitumia chupa, ilaze, usiisimamishe, na umpumzishe katikati. Usiiegemeze kwenye mto ukaondoka. Anaweza kupaliwa, na hana namna ya kusema “basi”.

Jioni anataka ziwa kila baada ya nusu saa. Maziwa yameisha?

Hayajaisha. Watoto wengi hufanya hivyo jioni, hasa wiki za mwanzo. Vipo pia vipindi vya kukua kwa ghafla, mara nyingi karibu na wiki ya 2 au 3, ya 6, na mwezi wa 3, ambapo hunyonya kutwa kucha kwa siku mbili tatu. Ndivyo anavyoagiza maziwa ya wiki ijayo. Kula, kunywa maji, kaa mahali pazuri, na kazi nyingine za nyumbani zishikwe na wengine. Ni siku ngumu, na hakuna sifa yoyote katika kuzipitia peke yako.

Nimwamshe usiku anyonye?

Kama hajarudisha uzito wa kuzaliwa, ndiyo. Asipite saa nne bila kunyonya, na mchana hata tatu zinatosha. Mtoto mwenye manjano (ngozi na macho kuwa ya njano) husinzia sana, naye aamshwe hivyo hivyo: mvue nguo, badilisha nepi, msugue nyayo. Uzito ukisharudi na mhudumu akaridhika, mwache alale.

Lini ataacha kunyonya usiku?

Wengine miezi minne, wengine baada ya mwaka. Uji kwenye chupa hauleti usingizi. Unaleta kupaliwa na uzito usiotakiwa.

Maji je? Joto ni kali.

Chini ya miezi sita, hapana. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 87, na joto likizidi mtoto hunyonya mara nyingi zaidi. Maji hujaza tumbo bila kumpa kitu, yanaweza kuwa machafu, na yakiwa mengi hushusha chumvi mwilini. Hilo linahusu pia maji ya sukari na ya tumbo. Bibi akisisitiza, mwambie maji ni ya mama anayenyonyesha, amletee yeye.

Kitu kimoja ambacho nchi nyingi hushauri apewe anayenyonya ni matone ya vitamini D, yuniti 400 kwa siku. Uliza kliniki yenu.

Narudi kazini. Nimwachie maziwa kiasi gani?

Hapa wengi hukosea kwa kutumia hesabu ya kopo. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama hupata wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa sita, na kiasi hicho hakipandi kadiri anavyokua. Wapo wanaotumia chini sana ya hapo na wapo wanaozidi, wote wazima. Kwa hiyo weka mililita 30 hadi 45 kwa kila saa utakayokuwa mbali: saa nane ni kama 240 hadi 360. Gawanya kwenye vyombo vya mililita 60 hadi 100, ili asipomaliza usimwage mengi. Anayebaki naye aelezwe vizuri kwamba kila kilio si njaa.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji, na miezi 6 kwenye friza yakiwa bado katika ubora wake. Yakijitenga mafuta juu, yazungushe taratibu. Usiyachemshe, weka chombo chake ndani ya maji ya vuguvugu.

Anacheua kila akimaliza. Nimpunguzie?

Anayecheua kidogo, akacheka na akaongezeka uzito, hana ugonjwa. Ni nguo zako tu zinazoumia. Mshike wima baada ya kunyonya, mbeulishe. Wa chupa huenda anapewa mengi au haraka mno. Matapishi yanayoruka mbali kila baada ya kunyonya, yenye damu au ya rangi ya kijani, hayo ni ya hospitali leo.

Chakula kianze lini, na kiasi gani?

Akitimiza miezi sita, anapoweza kukaa kwa kuegemezwa, kushika kichwa na kutosukuma chakula kwa ulimi. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa inakaribia kuisha, na maziwa pekee hayawezi kuifidia.

Anza na vijiko viwili vitatu vya chakula, mara mbili kwa siku, ukipandisha taratibu. Kati ya miezi 6 na 8 milo ni miwili hadi mitatu, na kiasi hukua hadi nusu ya kikombe cha mililita 250 kwa mlo. Miezi 9 hadi 11, milo mitatu hadi minne ya nusu kikombe. Kufikia mwaka, robo tatu hadi kikombe kizima, na kitu kidogo cha kutafuna katikati. Asiyenyonya kabisa huongezewa mlo mmoja au miwili. Ziwa linaendelea kama kawaida hadi miaka miwili au zaidi.

Lakini kiasi si shida kubwa. Shida ni wepesi wa chakula. Kwa mwenye miezi 6 hadi 8 anayenyonya, chakula kinatakiwa kumpa kalori 200 hivi kwa siku, na tumbo lake ni dogo. Uji unaotiririka kama maji humjaza kabla hajapata hata nusu ya hizo. Inamisha kijiko: ukimwagika wote mara moja, ni mwepesi mno, unatakiwa ushike kijiko na udondoke polepole. Uongezee kitu chenye mafuta, kisha tafuta chuma: nyama iliyosagwa, ini kidogo, yai lililoiva, kunde au maharagwe yaliyopondwa pamoja na tunda au mboga yenye vitamini C. Uji mtupu asubuhi, mchana na jioni ndio mlo unaozaa upungufu wa damu.

Usicheleweshe yai na karanga kwa kuogopa aleji. Mwaka 2015 utafiti uliofanyika London ulionyesha kwamba watoto walio hatarini, waliopewa karanga mapema kabla ya mwaka, walipata aleji hiyo kwa uchache sana kuliko waliozuiwa. Iwe siagi ya karanga iliyolainishwa, kamwe si punje. Mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza. Asali hapana mpaka atimize mwaka, kwa sababu ya botulini, sumu inayotengenezwa na bakteria. Chumvi na sukari usitie.

Akikataa, ondoa sahani bila ugomvi, umjaribu tena siku nyingine; kipo chakula kinachokubaliwa baada ya kuonjwa mara nane au kumi. Kumbana mikono na kummiminia hakumshibishi, kunamfundisha kukiogopa kijiko.

Anaumwa na hataki kula. Nifanyeje?

Maziwa mara nyingi zaidi, kidogo kidogo, na usiache kunyonyesha kwa sababu ya kuharisha. Anayekula apewe vyakula laini anavyovipenda. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili hivi.

Dalili zipi hazingoji kesho?

Kushindwa kabisa kunyonya au kukataa mara mbili tatu mfululizo. Kulegea, kutoamka. Kukaa saa sita hadi nane bila mkojo, utosi kubonyea, mdomo kukauka. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, au mwili kuwa baridi isivyo kawaida. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au yanayoshuka hadi miguuni. Kupumua kwa shida. Degedege. Nenda, na umnyonyeshe njiani kama anaweza.

Baada ya mwaka apewe maziwa ya ng'ombe?

Ndiyo, na ziwa liendelee. Mililita 350 hadi 500 kwa siku zinamtosha. Yakizidi sana hukosa hamu ya chakula na damu hupungua. Kabla ya mwaka ushauri unatofautiana. Madaktari wa watoto wa Marekani husema asiyapate kama kinywaji kikuu, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unaruhusu maziwa ya mnyama kwa asiyenyonya kuanzia miezi sita. Kwa mwenye uwezo wa kuendelea na maziwa ya kopo hadi mwaka, hakuna haraka. Kwa asiye nao, yachemshwe, na chuma itafutwe kwenye sahani kila siku.